Dunia Haitashiba kwa Zao Moja

Hotuba kwa wakulima, wafugaji, maofisa ugani na wanafunzi wa kilimo, viwanja vya Nanenane, Nzuguni, Dodoma. Tumeiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa siku ile tumeziacha.

Mbukwenyi!

Wazee wetu, akina mama, ndugu wakulima na wafugaji, maofisa ugani, na nyinyi vijana wa vyuo mliojaa huku nyuma, asanteni kwa kuja na kwa kulivumilia vumbi hili la Agosti.

Nimeombwa nizungumzie kilimo endelevu na mustakabali wa chakula duniani. Ukilisikia jambo hilo unaweza kudhani ni la wakubwa, la mikutano ya Roma na New York. Mimi leo nataka kulianzia Kongwa. Ndiyo, Kongwa hii hii mnayoijua, mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapa tulipo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakubwa wa huko wakapata wazo: tulime karanga Afrika Mashariki. Wataalamu wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani, wakarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yakaja, mengine mabaki ya vita. Vikaja hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka huo wa kwanza walitaka kulima ekari 150,000. Mnajua walipanda ngapi? Kama 7,500.

Nini kiliwashinda? Kwanza mibuyu. Mashine iliyoshinda vitani ilishindwa kung'oa mbuyu. Kisha mvua, ambayo kumbukumbu zake walizozitegemea zilikuwa chache mno. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa udongo. Nyinyi mnaujua ule udongo. Ukilowa unakubali jembe, ukikauka unashikana hadi unalia ukiugonga. Na karanga inazalia chini! Karanga inahitaji udongo laini ili kijiti chake kizame, na siku ya kuvuna uing'oe kwa mkono ikatoka na maganda yake yote. Pale Kongwa, mvua zilipokatika, karanga zilibaki zimefungiwa ardhini. Januari 1951 mpango ukafutwa, na serikali ya Uingereza ikahesabu hasara ya karibu pauni milioni 36 za wakati ule.

Ndugu zangu, mpango ule ulikuwa na fedha, mashine na watu wenye nia ya kulisha taifa lenye njaa. Swali moja halikuulizwa kwa uzito wake: kwa nini Mgogo analima uwele na mtama hapa? Kwa nini shamba lake moja halifanani na jingine? Kwa nini ana shamba la bondeni na shamba la juu, na hapandi yote siku moja? Majibu yalikuwepo, wenye majibu walikuwepo. Hawakuulizwa.

Ninawaambia habari hii kwa sababu ugonjwa ule haujaisha duniani. Ni ugonjwa wa kuamini kwamba njaa itamalizwa na kitu kimoja kikubwa: zao moja, mbegu moja, mfuko mmoja wa mbolea, soko moja. Leo nataka tuutazame ugonjwa huo, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 673 waliishi na njaa. Katika Afrika walikuwa zaidi ya milioni 300, yaani karibu mmoja kati ya kila watu watano.

Niingie kwenye mazao.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema mimea iliyowahi kulimwa na binadamu kwa chakula ni kama aina 6,000. Lakini mazao tisa peke yake yanabeba asilimia 66 ya mavuno yote ya mimea duniani. Tisa! Na ndani ya hayo tisa, mara nyingi mkoa mzima unapanda mbegu moja au mbili.

Hilo lina hatari gani? Waulizeni Waayalandi. Mwaka 1845 maskini wa Ayalandi walikuwa wanaishi kwa viazi, na viazi vyenyewe kwa sehemu kubwa vilikuwa vya aina moja. Ukaingia ugonjwa wa baka. Kiazi kimoja kilipokosa kinga, vyote vilikosa kinga, maana vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Katika miaka michache watu kama milioni moja walikufa, na wengine wapatao milioni moja wakaikimbia nchi. Na nafaka, ndugu zangu, ziliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Kwa hiyo baka liliua viazi, lakini watu waliuawa pia na maamuzi ya watu.

Mtasema hayo ni ya zamani na ya mbali. Haya, mwaka 2011, Bomet, nchini Kenya. Wakulima wanaamka wanakuta mahindi yanakauka kuanzia majani ya katikati, magunzi hayana punje. Virusi wawili walikuwa wamekutana katika mmea mmoja. Mwaka uliofuata ugonjwa ule ulikuwa umeshavuka mpaka, umeonekana kwetu, Mwanza na Arusha. Watafiti walipozijaribu mbegu zilizokuwa sokoni, karibu zote ziliangushwa. Ilibidi kijengwe kituo maalumu Naivasha cha kupima mbegu na kutafuta zenye kinga.

Na mwaka 2024 ukame ukapiga kusini mwa Afrika. Zambia, Malawi na Zimbabwe zote zikatangaza janga la kitaifa. Nchi hizo tatu zinaishi kwa mahindi meupe, kama sisi. Zambia ikaja kununua mahindi kwetu. Mwaka ule tulikuwa nayo, tukauza. Je, mwaka ambao ukame utatupiga wote kwa pamoja, nani atamuuzia nani?

Sisemi mahindi ni adui. Ninayala, na nyinyi mnayala. Ninauliza tu: mtu wa Bahi, mtu wa Chamwino, ambaye mvua yake inaanza Desemba na inaweza kukatika Februari kwa wiki tatu nzima, kwa nini ekari zake zote ziwe mahindi?

Majibu ninayajua, na ni ya kweli. Ndege! Kwelea kwelea wakishuka kwenye mtama, familia nzima inahamia shambani kuanzia alfajiri, na watoto wanaacha shule. Kutwanga! Akina mama hapa wanajua maana ya kukoboa uwele kwa kinu. Na kuna aibu pia. Tulifundishwa kwamba ugali mweupe ni wa watu walioendelea na ugali wa uwele ni wa shida. Kwa hiyo msinielewe kwamba ninawalaumu mlioacha. Anayetaka mkulima arudi kwenye uwele, alete kwanza mashine ya kukoboa kijijini, na alete kwa wakati ndege ya kupuliza dawa ya kwelea kwelea. Halmashauri zinanisikia.

Mbegu zipo. Hombolo hapa jirani watafiti wameufanyia mtama na uwele kazi kwa miaka mingi. Okoa na Shibe, mbegu za uwele, zimekuwepo tangu miaka ya 1990. Majina yenyewe mnayasikia. Mtama wa Macia unakomaa mapema na unawahi kuikimbia Februari mbaya.

Na kuna mbegu ambazo hazina jina dukani. Nilimtembelea mama mmoja huko Chamwino, mtu mzima wa makamo ya bibi yangu. Jikoni kwake, juu ya mafiga, masuke ya mtama yamefungwa vishada vishada, yameota masizi. Nikamuuliza, mama, haya ya nini? Akaniambia, haya hayaliwi, mwanangu, hata kuwe na nini. Kila kishada alikijua: huu unawahi, huu ndege hawaupendi kwa uchungu wake, huu unastahimili maji yakisimama. Moshi unazuia wadudu. Ile ilikuwa benki. Sijaona benki inayomjua mteja wake vile.

“Hayaliwi hata kuwe na nini.” Maneno hayo kuna watu waliyaishi hadi kufa. Nikolai Vavilov alikuwa mtaalamu wa mimea wa Urusi. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, na miaka ya 1926 na 1927 alifika hadi Uhabeshi kukusanya ngano na nafaka nyingine za wakulima wa kule. Mbegu hizo zikahifadhiwa katika mji wa Leningrad. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yakauzingira mji ule, na mzingiro ukaendelea hadi Januari 1944. Watu wakafa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Na wale watunza mbegu walikaa humo ndani, katikati ya mchele, ngano na viazi, wakiwa na njaa, wasile. Kadhaa wao walikufa. Alexander Shchukin, mtunzaji wa mkusanyo wa karanga, alifia kwenye meza yake ya kazi. Vavilov mwenyewe, aliyekuwa amekamatwa na serikali yake mwaka 1940, alikufa gerezani mwaka 1943 akiwa amedhoofishwa na njaa. Mtu aliyetaka njaa iishe duniani!

Vijana, nataka mlijue jina hilo.

Na kazi ile haikwenda bure. Leo kuna ghala la mbegu lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu huko Svalbard, Norway, lililofunguliwa mwaka 2008. Nchi mbalimbali zinaweka humo akiba ya mbegu zao. Vita vya Syria vilipokifikia kituo cha utafiti karibu na mji wa Aleppo, chenye ngano, shayiri na dengu za maeneo makavu, watafiti walihama, lakini akiba yao ilikuwa Svalbard. Mwaka 2015 wakaenda kuichukua, wakaipanda upya Lebanon na Moroko, na miaka miwili baadaye wakaanza kurudisha akiba. Sisi tuna kituo chetu cha kuhifadhi nasaba za mimea, kipo Arusha. Wangapi hapa wamewahi kupeleka mbegu ya bibi yao? Nyosheni mikono. Mnaona wenyewe.

Sasa udongo.

Mwaka 2022 vita vilizuka Ukraine, mbali na hapa. Mkulima wa Kongwa hakurusha hata jiwe. Lakini mfuko wa mbolea ya Urea wa kilo 50 ulivuka shilingi 100,000. Serikali ikaingiza ruzuku, ikazinduliwa siku kama ya leo, Nanenane, kule Mbeya, mfuko ukashuka hadi 70,000. Ruzuku ilisaidia, na ninaishukuru. Lakini tujiulize: ni kilimo gani hiki ambacho vita vya watu wengine vinaingia hadi kwenye shimo langu la mahindi?

Wapo wanaosema, basi tuache mbolea za viwandani kabisa. Hapana. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula chakula kilichokuzwa kwa nitrojeni ya kiwandani. Mtu hawezi kusimama mbele ya wenye njaa akaitupa. Lakini kuitegemea hiyo peke yake, kwenye udongo uliokufa, uliochomwa mabua kila mwaka, ni kumwaga fedha. Mvua ya kwanza inaichukua hadi korongoni.

Niwape mfano wa watu waliofikiri vizuri. Mnajua kiduha? Kile kimmea chenye maua mazuri, mekundu au ya zambarau, kinachonyonya mahindi na mtama kwenye mizizi. Mmea mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, na zinalala ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Unapalilia, kumbe kimeshakula. Sasa, kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan miaka ya 1990 walikuwa wanatafuta dawa ya bungua, mdudu anayetoboa mabua. Wakapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, pembeni mwa shamba, bungua akavutwa huko kutaga mayai. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda jamii ya kunde iitwayo desmodiamu, ambayo harufu yake inamfukuza bungua. Njia hiyo ikaitwa vuta-sukuma. Lakini wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipo na desmodiamu, kiduha hakioti! Mizizi yake inatoa kitu kinachokidanganya kiduha, kinaamka kabla ya wakati na kufa bila kupata cha kunyonya.

Tazameni hesabu yake. Bungua amepungua. Kiduha kimepungua. Desmodiamu inarudisha nitrojeni kwenye udongo. Mabingobingo na desmodiamu zinakatwa kulisha ng'ombe. Ng'ombe anatoa samadi na maziwa. Mambo matano kwa mpango mmoja, na hakuna hata moja lililokuja na meli. Kwetu hapa kavu si kila mahali mabingobingo yatakubali, na ndiyo maana namwambia ofisa ugani: usibebe njia ya Mbita kama ilivyo ukaiangusha Mpwapwa. Zipo aina zinazovumilia ukame. Jaribu kwenye kona ya shamba la mkulima aliyekubali, pamoja naye. Na pale ambapo haikubali, kuna kunde, kuna choroko, kuna mbaazi, kuna njugu mawe. Hizo nazo ni viwanda vya mbolea.

Kuna ndugu wafugaji hapa, wasije wakasema nimewasahau. Shinyanga ilikuwa inaelekea kuwa jangwa. Misitu ilifyekwa kwa miongo mingi kuua mbung'o na kupisha pamba, kisha watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970, na taratibu zao za kutunza malisho zikavunjika. Wasukuma walikuwa na kitu kinaitwa ngitili. Unatenga eneo la malisho, unalifunga mvua zikianza, hakuna ng'ombe anayeingia, unalifungua kiangazi kikikaza. Mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Badala ya kuleta sheria mpya kutoka juu, wakawarudishia wananchi sheria yao wenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Miti haikupandwa mingi kiasi hicho. Visiki vilivyokuwa hai ardhini viliachwa vichipue, basi. Kuni zikarudi, asali ikarudi, nyasi za kuezekea zikarudi.

Kwa nini ngitili iliweza na karanga za Kongwa zikashindwa? Jibuni wenyewe.

La soko nitalisema kwa kifupi, maana linaniuma. Niliwasifia mbaazi sasa hivi. Mwaka 2017 India iliwekea ukomo uingizaji wa mbaazi, na bei ikaanguka hadi wakulima wengine wakaziacha shambani. Zao lilikuwa zuri, udongo ulifurahi, lakini mnunuzi alikuwa mmoja. Watoto wetu wangapi shuleni walikula mbaazi mwaka ule? Tulikuwa na chakula cha protini kinaoza shambani, na watoto waliodumaa ndani ya mkoa huo huo. Tujifunze kuwa wateja wa mazao yetu wenyewe.

La mwisho ni ghala, na hapa naomba utulivu, kwa sababu wengine mliomo humu mlizika.

Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu walianza kuugua: macho manjano, matumbo kujaa, kutapika. Watoto wengi. Wengine wakadhani ni uchawi. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu ndani ya mahindi. Watu wapatao 68 waliugua na karibu 20 wakapoteza maisha. Kenya mwaka 2004 waliugua 317, wakafa 125. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Mahindi unaweza kuwa nayo gunia kumi na usiwe na chakula.

Kwa hiyo anayehesabu usalama wa chakula kwa tani peke yake hajamaliza hesabu.

Kinga yake inaanza na mambo ambayo kila mmoja hapa anaweza. Usimwage mahindi chini, tandika turubai. Toa yaliyooza na yaliyotobolewa, na usimpe mtoto wala kuku. Na kabla ya kufunga mfuko, pima ukavu. Huna mashine? Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa. Tia punje hadi robo au theluthi. Tia vijiko vichache vya chumvi kavu ya mezani. Funga, tikisa dakika moja hivi, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Isipoganda, yamekauka. Ongeza siku moja ya jua, ndipo uyafunge kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani, ufunge kila mmoja peke yake hadi hewa isipite. Wadudu wanakufa bila dawa. Lakini ukifunga mahindi mabichi humo, umejifungia ukungu.

Sasa niwaombe, kila kundi la kwake. Akina mama na wazee wenye mbegu za nyumbani: kabla ya Novemba, toeni kikombe kimoja mumpe ofisa ugani wa kata, naye aandike jina la mbegu, kijiji, na sifa zake kwa maneno yenu, aipeleke ikahifadhiwe Arusha. Nyingine mbadilishane hapa hapa. Vijana wa vyuo, chagueni mbegu hizo kwa utafiti wenu wa mwaka wa mwisho; mahindi yana watafiti wa kutosha. Wenyeviti wa vijiji mlio na vilima vilivyokwanguka, teueni eneo la kufunga mvua hizi, mkubaliane wenyewe faini na siku ya kufungua. Waheshimiwa wa halmashauri, mashine za kukoboa uwele na ratiba ya kwelea kwelea ziingie kwenye bajeti, na tuzione zikiwa na namba ya fedha mbele yake.

Na kila mkulima mwenye ekari nne na kuendelea: msimu huu, angalau moja isiwe mahindi.

Chupa na chumvi viko kwenye banda la upande wa kushoto. Leteni punje zenu tuzipime. Asanteni sana.